Chema Hakijiuzi Tena

Kuna msemo umeingia mjini kwetu na kila kijiwe kinauimba: "Kazi ziko mtandaoni, asiyeziona kalala." Utausikia Msamvu kwa wapiga debe, utausikia kwenye daladala za Kihonda, utausikia hata msibani, mtu hajamaliza kutoa pole keshachomoa simu mfukoni anakuonyesha tangazo. Leo nimeshika kalamu nipingane nao.

Na kabla hujaniita mshamba, ngoja nikwambie nasimama wapi. Huko mtandaoni ndiko ninakoshinda. Nina cheti cha kidato cha nne, nina riwaya ambayo mwaka wa tatu sasa haijaisha, na mkate wangu naupata kwenye stesheneri moja hapa Morogoro: kompyuta mbili, printa moja yenye kiburi na mashine ya kutoa kopi. Jioni wanafunzi wakiondoka, wanaingia watu wazima. Wanapanga foleni kwenye benchi kama wako zahanati. Zamu ikifika mtu anainama, anasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, nataka uniombee kazi."

Uniombee! Hasemi anataka kuomba. Neno hilo lilinipita masikioni miaka miwili nisilitie maanani.

Mwaka jana kwenye benchi lile alikaa mjomba wangu. Kwetu sisi Waluguru mjomba si mtu wa kuchangia harusi tu. Ukoo wetu unafuata upande wa mama. Ukitaka kuoa ataitwa mjomba, ukiharibu ataitwa mjomba, likigombewa shamba kule mlimani ataitwa mjomba. Sasa mtu huyo wa kuitwa na kila mtu alikuwa amekaa anangoja mimi nimwite. Alikuwa amepunguzwa kazi katika kiwanda kimoja alichokitumikia miaka 19 kama mtunza ghala. Jina la kiwanda nalihifadhi. Walimpa barua ya nusu ukurasa, wakamshukuru kwa ushirikiano wake.

Nikamfanyia kama nilivyokuwa nawafanyia wote. Nikafungua faili ambalo nililipa jina "CV NZURI", wasifu niliokuwa nimemwandikia dada mmoja aliyemaliza chuo. Nikafuta jina la dada, nikaweka la mjomba. Nikabadilisha tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu. Zile sifa nikaziacha palepale: mchapakazi, mbunifu, anajua kompyuta na programu za kutunza hesabu za mali. Penye uzoefu nikaandika mstari mmoja: mtunza ghala, miaka 19. Robo saa, kazi imekwisha. Nikamtoza nusu bei kwa sababu ni ndugu, nikajiona nina roho nzuri.

Wakamwita Dar es Salaam kwenye usaili. Akavaa suruali yake ya kanisani, akaenda. Wakamkalisha mbele ya kompyuta, wakamwambia, haya, programu uliyosema unaijua ndiyo hii, tuonyeshe. Alirudi na basi la jioni, akaja kwangu moja kwa moja kabla hata ya kufika nyumbani.

"Mjomba," akaniambia, maana na yeye huniita mjomba, ndivyo tunavyoitana, "yule uliyemwandika si mimi. Umemwandika mtu mwingine ukampa jina langu. Leo wamemtafuta, hawakumkuta."

Akaaga. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

KARATASI INAHESABU MISTARI

Wazee wetu walitufundisha kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mjomba aliishi kwa methali hiyo miaka 19. Alifika kazini kabla ya king'ora, akatunza mali ya watu, akaamini kwamba kazi yake itamsemea. Ukutani kwake kuna vyeti viwili vya mfanyakazi bora alivyopewa Mei Mosi. Methali hiyo leo imegeuzwa. Leo chema kisipojitembeza kinaozea kwenye benchi la stesheneri, na kibaya kikijua kujipamba kinaitwa kwenye usaili siku ya pili.

Hebu tazama. Kijana wa rika langu aliyejitolea miezi mitatu hapa na mitatu pale, akauza vocha, akasimamia kituo cha kura, ana mistari minne. Mtu aliyekaa mahali pamoja miaka 19 ana mstari mmoja. Weka karatasi hizo mbili mezani: ya kijana imejaa, ya mzee iko tupu kama soko usiku. Anayezisoma ana nyingine rundo mbele yake, hana muda. Ataona mstari mmoja, atadhani mtu huyu alilala miaka 19. Na ndivyo mnavyosema kijiweni, "kalala"!

Sikatai wema wa mtandao. Zamani barua ya kazi ilipitia mkononi kwa mlinzi wa getini, ikapitia kwa shemeji wa bosi, na nyingine ziliishia kufungia karanga. Leo kijana wa Mgeta akipanda kigongo akapata mtandao anaona tangazo lile lile analoliona mtu wa Masaki, saa ile ile. Hilo ni jambo kubwa, na anayetaka turudi kwenye vimemo simuungi mkono. Ninachosema ni kwamba mlango haukuondolewa. Umehamishwa, na ufunguo wake amepewa anayejua kuandika.

Matangazo ya kazi za umma yanayopitia Sekretarieti ya Ajira nimeyachapa hadi nayajua kama sala. Mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliyeko kazini serikalini. Apakie barua yenye saini, nakala za vyeti zilizothibitishwa, wadhamini watatu. Hati za matokeo hazikubaliwi. Kukagua vyeti sina ugomvi nako. Mwaka 2017 nchi hii ilitangaziwa orodha ya watumishi 9,932 waliodaiwa kuwa na vyeti vya kughushi, na aliyeungua na uji hupuliza hata mtindi. Lakini hilo la miaka 45 nalipinga mchana kweupe. Mjomba ana miaka 46. Mwenzake wa miaka hiyo hiyo aliyeko serikalini anapita, yeye aliyekuwa kiwandani anafungiwa. Kosa lake ni nini? Ni kwamba miaka 19 iliyopita alimtumikia mwajiri mwingine. Basi!

MOROGORO TUMESHAONJA KARATASI

Kama kuna mji ambao haukupaswa kuamini karatasi kuliko mtu, ni huu wa kwetu, Mji Kasoro Bahari. Sisi tumeonja mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa milimani. Miaka ya 1950 Mwingereza alikuja na mpango wake wa kuzuia mmomonyoko Uluguru. Kwenye karatasi ulipendeza: kila mkulima achimbe matuta ya ngazi shambani mwake, kwa lazima. Hakuwauliza vizuri wazee waliolima miteremko ile maisha yao yote. Sehemu nyingi ngazi zile zilifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuufukia ule mzuri, na watu wakazichimba huku mahindi yao yanawacheka. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakachoka, zikazuka vurugu, na mpango ukaachwa. Wenye ujuzi walikuwepo pale pale. Tatizo ujuzi wao haukuwa umeandikwa popote.

Mara ya pili ilikuwa hapa hapa mjini. Kilijengwa Kiwanda cha Viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, cha kutoa mamilioni ya jozi kwa mwaka na kuziuza Ulaya. Kwenye karatasi hapakuwa na kiwanda kama kile Afrika nzima. Hakikuwahi kufikisha hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukasimama. Kilikuwa na wasifu mzuri sana kiwanda kile. Kilikuwa "CV NZURI".

Na ninyi mnaowacheka wazee kwa kung'ang'ania mwajiri mmoja, mnajua walitoka wapi? Katika mji huu mwajiri alikuwa nusu ya ukoo. Hata mpira wetu ulivaa majina ya kazi: Reli, Tumbaku. Mtu alishangilia timu ya mwajiri wake Jumamosi, Jumatatu akaingia zamu. Kukaa miaka 20 ilikuwa heshima, ilikuwa ndiyo tabia njema yenyewe. Kisha miaka ya 1990 ukaja ubinafsishaji, mageti yakafungwa moja baada ya jingine, na waliobaki wakajifunza kwamba ukipata kazi usiiachie, maana nje kuna njaa. Mjomba alikua akiyaona hayo. Hakulala. Alishika alichonacho kwa mikono miwili, kama wewe ungefanya.

MIAKA TISA IMEKWENDA NA MAJI

Sasa sikiliza sheria inavyohesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi anayeachishwa kwa namna kama ile ya mjomba alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, lakini mwisho miaka 10. Nilipomsomea, alihesabu kwa vidole: siku 7 mara 10, siku 70. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na ile tisa mingine?"

Ile tisa mingine, mjomba, imekwenda na maji ya Ngerengere. Mwajiri hakatazwi kuongeza, ila sheria haimlazimishi. Yaani aliyetumika miaka 10, aliyetumika 19 na aliyetumika 30, wote kwa kipimo cha chini ni siku 70. Karatasi ya CV inamhesabia mstari mmoja, sheria inamhesabia miaka 10. Hivi kuna mahali gani katika nchi hii miaka 19 inahesabiwa kuwa 19? Nimetafuta, nimeipata mahali pamoja tu: mgongoni kwake.

Kuna jambo jingine ambalo nasikitika sikulijua mapema. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ampe mtu anayeondoka cheti cha utumishi. Ile barua ya shukrani sicho. Mjomba hakukidai kwa sababu hakujua ni haki yake, na mimi mjanja wa mtandao sikujua pia. Na anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku 30 zile sisi tulikuwa tunajaza fomu.

MIMI NDIYE MTUHUMIWA WA KWANZA

Mtasema nawalaumu wakubwa nikijisafisha mwenyewe. La. Fungueni droo ya meza yangu muone daftari langu la nywila, pasiwedi kama tunavyoziita. Mtu akija hana barua pepe namtengenezea. Nywila naiandika daftarini, yeye simpi, kwa sababu atasahau. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba akirudi nitamtoza tena kuifungua. Siku moja nilifungua sanduku la mama mmoja, mpishi wa shule kwa miaka 14, nikakuta aliitwa kwenye usaili. Tarehe ilikuwa imepita wiki tatu. Barua ilikuwa mtandaoni, ndiyo. Aliyelala nani?

Na pale wanapokosa msaada wetu wa kweli, wanaingia mikononi mwa wale wa "tuma kwa namba hii". Unaona tangazo tamu, mshahara mnono, wanakwambia umechaguliwa, tuma tu hela ya vipimo vya afya. Kijana anacheka, anafuta. Lakini mtu aliyeajiriwa mara moja tu maishani, zamani, getini, atajuaje kwamba kazi ya kweli haikuombi hela? Anatuma. Siku zile 70 zinaanza kupungua.

USIKU TATU NA DAFTARI

Baada ya lile la Dar es Salaam nilikosa usingizi. Nikaenda kwa mjomba Chamwino, sikubeba kompyuta, nilibeba daftari na kalamu. Nikamwambia, nisimulie kazi yako kama mimi ndiye naanza kesho asubuhi. Tulikaa usiku tatu.

Nikajua kwamba alikuwa anaijua kila beringi kwa kuishika, umeme ukikatika hatafuti tochi. Kwamba alikuwa na kaunta buku lake mwenyewe, si la kampuni, aliloandika mashine ipi inakula mkanda upi na mwezi gani, hivyo aliagiza kipuri kabla hakijavunjika. Kwamba kilichoingia kwanza kwake kilitoka kwanza, na masika mizigo ililala juu ya mbao, mbali na ukuta. Kwamba hesabu ya mwisho wa mwaka haikuwahi kumpotea. Kwamba alifundisha vijana sita, na wawili wakaja kuwa wakubwa wake.

Nikamuuliza, hilo kaunta buku liko wapi? Akasema, "Nimemwachia kijana aliyeshika ghala. Angefanyaje kazi?"

Nikaandika kurasa mbili, kwa Kiswahili kwanza, ndipo nikaziweka kwa Kiingereza kwa sababu matangazo yale yalitaka Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Mtu anaweza kuhukumiwa kwa Kiswahili ila kwa matangazo yale hakuweza kuomba kutunza ghala kwa Kiswahili! Programu ya kompyuta sikuigusa. Niliandika wazi kwamba haijui na yuko tayari kufundishwa.

Sitakudanganya kwa mwisho mtamu kama wa hadithi za picha. Kazi ya kudumu mjomba hajapata. Kwa sasa anashikashika ghala la mfanyabiashara mmoja wa nafaka, kibarua cha siku. Lakini kati ya waombwa wanne wawili walimwita, na mmoja alikaa naye saa nzima akimuuliza lile kaunta buku lilipangwaje. Aliporudi safari hiyo alipitia kwangu tena. "Leo," akasema, "wamenikuta."

KWENU MNAOFICHA MISWADA CHINI YA GODORO

Waandishi wenzangu, tunalalamika kwamba hatuna cha kuandika, hakuna wachapaji, hakuna wasomaji. Wakati huo huo nchi imejaa watu wenye miaka 15, miaka 20, miaka 30 ambayo haijaandikwa na mtu, na riziki yao inaning'inia kwenye kurasa mbili. Mimi nilikuwa natafuta mhusika wa riwaya yangu miaka mitatu, naye alikuwa amekaa kwenye benchi langu nikamtoza nusu bei. Tusijiite waandishi kama hatuwezi kumwandika mama mmoja mpishi hadi asiyemjua amwone.

Basi haya ndiyo madai yangu.

Kwanza, sisi wa stesheneri. "CV NZURI" zote zifutwe. Kila mtu aandikwe yeye, aondoke na nywila yake mkononi, na afundishwe kuifungua hata kama itachukua nusu saa na hela ya vocha.

Pili, ninyi mlioko makazini leo. Msisubiri barua. Andikeni kazi zenu mkiwa bado mna kazi, mkiachishwa daini cheti cha utumishi siku ile ile. Na fundi asiye na cheti akumbuke kwamba VETA ina utaratibu wa kumpima mtu ujuzi alioupata kazini na kumpa cheti bila kumrudisha darasani. Njia hiyo ipanuliwe ifike kila aina ya kazi.

Tatu, waajiri. Wekeni kisanduku kimoja tu kinachouliza: ulikuwa unafanya nini hasa? Na mkubali kijazwe kwa Kiswahili.

Nne, wenye kutunga sheria. Ukomo wa miaka 45 kwa aliyetoka nje ya serikali uondolewe, na kiinua mgongo kihesabu miaka yote. Aliyefanya 19 alipwe 19.

Atakayesema nimetia chumvi, aje stesheneri jioni, akae kwenye benchi lile, amuulize jirani yake alifanya kazi wapi na miaka mingapi. Asikilize hadi mwisho. Kisha asimame mbele ya mtu huyo amwambie, "Wewe ulilala."

Akiweza kulitamka, mimi nitafuta makala yote haya.

Naomba kutoa hoja.